Mlango wa Mzee

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, juu ya majengo ya nyumba za sadaka za Uingereza



 Kazi ya karani ni kuandika maneno ya wengine, wala si kusema yake. Kwa hiyo nikikosea mniwie radhi, kisha mnisahihishe.

Wahenga walisema, "Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani." Maneno hayo ni ya kweli, wala sina nia ya kushindana na wahenga. Walakini leo nawaomba tusimame kidogo hapo mlangoni kabla ya kuingia, maana nimeona ya kuwa mlango nao una habari zake.

Mwaka uliopita tulimzika mwanachama mmoja, mzee aliyefanya kazi mjini kwa miaka mingi, ambaye hakuachiwa na Mungu mke wala mtoto. Jina lake sitalitaja. Hesabu za Chama zinaonyesha kwamba tulimnunulia jeneza zuri, tukakodi gari, tukamfikisha kwao kwa heshima. Mimi ndiye niliyeziandika hesabu hizo. Lakini katika miezi yake ya mwisho mzee huyo alikuwa akilala pembeni mwa chumba cha watu wengine, nyuma ya pazia la gunia. Mlango haukuwa wake. Wenyewe wakifunga, naye hutoka. Wakichelewa kurudi, naye hungoja nje hata usiku. Nilipokuwa nikijumlisha gharama za mazishi niliona haya. Tulimtunza alipokuwa maiti kuliko tulivyomtunza alipokuwa hai.

Ndiyo sababu kamati imeleta mbele yenu shauri la kujenga makao ya wazee katika kiwanja chetu. Ramani mbili ziko mezani. Ya kwanza ni ya ukumbi mmoja mrefu wenye vitanda 20. Ya pili ni ya vyumba 8 vinavyouzunguka ua, kila chumba na mlango wake. Fedha zitakazotumika ni zile zile. Kabla hamjapiga kura, kamati iliniagiza nisome habari za watu waliotutangulia katika kazi ya namna hii. Nimechagua Uingereza kwa sababu watu wa huko wamejenga nyumba za sadaka kwa muda wa zaidi ya miaka 900, na nyingi zingali zimesimama. Basi mtu aweza kuyasoma katika mawe na matofali yao makosa waliyofanya na maarifa waliyopata. Mimi sijafika huko. Niliyo nayo nimeyapata katika vitabu, picha na ramani.

Nyumba ya sadaka, kwa maana ninayoitumia hapa, ni makao yaliyojengwa kwa mali ya mtu mmoja au ya chama, ili maskini, hasa wazee, wakae humo. Mali hiyo huwekwa wakfu: mashamba au nyumba za kupangisha hutengwa, na mapato yake hutumika kuyatengeneza majengo na kuwasaidia wakazi. Ndugu zetu wa Pwani wanalijua sana jambo la wakfu, wala sina haja ya kuwafundisha. Katika mji wa Canterbury, Askofu Mkuu Lanfranc alianzisha nyumba ya namna hii karibu na mwaka 1085, na hata leo wazee wanakaa mahali pale pale.

Sasa, hapo kale nyumba hizi zilijengwaje? Nyingi za zile kubwa zilikuwa ukumbi mmoja. Fikirini jengo refu kama kanisa, lenye safu mbili za nguzo na paa kubwa juu yake. Vitanda vilipangwa huku na huku kando ya kuta, na upande wa mashariki palikuwa na kanisa dogo lenye madhabahu, hata mgonjwa aweze kuiona ibada naye amelala kitandani. Waliojenga hivyo hawakuwa watu wabaya. Waliitazama roho ya maskini kuliko mwili wake, na kwa roho ukumbi ulitosha. Lakini katika ukumbi huo mzee hakuwa na mlango, hakuwa na meko, wala hakuwa na ukuta wa kumficha alipovua nguo zake.

Kama jengo moja laweza kutueleza mambo yaliyofuata, basi ni Hospitali ya Mtakatifu Maria katika mji wa Chichester, kusini mwa Uingereza. Neno hospitali wakati ule lilikuwa na maana ya nyumba ya kuwakaribisha wahitaji, si nyumba ya waganga tu. Ukumbi wake ulijengwa mwishoni mwa karne ya 13. Paa lake ni kubwa ajabu, limebebwa na maboriti mazito, nalo linashuka pande zote mbili mpaka kwenye kuta fupi kabisa, mfano wa kuku aliyefunika vifaranga. Kwa muda wa miaka karibu 400 wahitaji walilala humo pamoja. Kisha katika karne ya 17 wenye kuisimamia walifanya jambo jipya. Hawakuubomoa ukumbi. Walijenga vijumba ndani yake, chini ya paa lile lile, kila kimoja na vyumba vyake viwili na mlango wake, wakapandisha dohani nne kubwa za matofali, yaani mabomba ya kutolea moshi, zikalitoboa paa na kutokea juu. Katikati wakaacha njia pana iendayo mpaka kanisani. Vijumba hivyo vingali vinakaliwa na watu hata leo.

Wazee wangu, zitazameni dohani zile nne. Hazikuwekwa kwa ajili ya pambo. Mkazi alipopata meko yake, alipata uwezo wa kujipikia atakacho wakati atakao. Alipopata mlango alipata uwezo wa kusema "karibu", na vile vile uwezo wa kunyamaza asiseme. Mtu asiyeweza kumkaribisha mwenziwe ni mgeni siku zote, hata akikaa miaka ishirini. Iliwachukua watu wa Chichester miaka 400 kulitambua jambo hili.

Mahali pengine walilitambua mapema zaidi. Karibu na mji wa Winchester iko nyumba iitwayo Msalaba Mtakatifu. Ilianzishwa katika miaka ya 1130 na Askofu Henry wa Blois kwa ajili ya maskini 13 wasioweza tena kufanya kazi. Na zaidi ya hao, maskini 100 walilishwa kila siku. Ikumbukeni hesabu hiyo, 13 na 100, maana nitairudia. Katika karne ya 15 Kadinali Beaufort aliipanua nyumba hiyo. Makao ya wazee yakajengwa kwa mawe, ghorofa mbili, kando ya ua mkubwa wa majani. Ukiingia langoni huzioni kuta kwanza. Unaziona dohani, ndefu, zimesimama mstari mmoja kama askari kwenye gwaride. Kila mzee ana vyumba vyake mwenyewe. Kanisa lao ni kubwa na la fahari, na ukumbi wa kulia chakula upo. Lakini kulala na kuota moto ni kwa kila mtu kwake. Hata sasa msafiri apitaye akiomba langoni hupewa kipande cha mkate na kikombe kidogo cha bia, kwa kufuata desturi ya zamani.

Katika kijiji cha Ewelme, mkoa wa Oxfordshire, William de la Pole na mkewe Alice Chaucer walianzisha nyumba nyingine mwaka 1437, ya maskini 13. Hesabu ya 13 ilipendwa kwa kumkumbuka Bwana Yesu na mitume wake 12. Nyumba hiyo ni ya mraba, na katikati ni ua mdogo. Kuuzunguka ua pana baraza iliyoezekwa, hata mzee aweze kutoka kwake na kutembea bila kunyeshewa na mvua. Na kutoka hapo ngazi zinapanda mpaka kanisani. Huu mpango wa ua ndio ninaotaka muuangalie sana. Milango inatazamana. Mzee ana faragha yake, lakini hakutupwa. Asubuhi mlango mmoja usipofunguka, jirani aliye mbele ataona na kuuliza. Ukumbi humwonyesha mtu mbele ya wote mchana na usiku. Chumba cha kupanga mjini humficha hata akafa bila kujulikana. Ua uko kati ya mambo hayo mawili.

Baada ya hapo ilikuja misukosuko. Katika miaka ya 1530 na 1540 Mfalme Henry wa Nane, na baadaye mwanawe Edward, waliziondoa nyumba za watawa na mali nyingi za dini, na nyumba nyingi za maskini zilipotea pamoja nazo. Kazi ya kujenga upya ikachukuliwa na matajiri, wafanya biashara, vyama vya mafundi na baadhi ya maaskofu. Mmoja wao alikuwa George Abbot, mwana wa mfanya kazi ya nguo katika mji wa Guildford, aliyepanda cheo hata akawa Askofu Mkuu wa Canterbury. Mwaka 1619 alianza kuwajengea watu wa mji wake nyumba ya matofali, ya wanaume 12 na wanawake 8. Lango lake ni jengo refu lenye minara minne pembeni, kama lango la jumba la mfalme. Wengine wanaweza kusema hayo ni majivuno ya askofu, na labda yamo. Lakini fikirini juu ya kikongwe maskini aliyerudi kutoka sokoni na kikapu chake, akapita chini ya lango la namna hiyo, akijua ya kuwa ndani yake pana mlango ulio wake.

Nisije nikawapumbaza kwa sifa tupu. Nyumba hizi zilikuwa na mapungufu yake, na karani mwaminifu hutia pande zote mbili katika daftari. Kwanza, zilichukua watu wachache, na hao walichaguliwa: mwenye sifa njema aliingia, mwenye sifa mbaya alibaki njaani. Pili, wakazi walifungwa na sheria nyingi. Kwingi walivishwa majoho na beji ili wajulikane kwamba wanakula sadaka, wakaamriwa kwenda kusali kwa saa, na aliyevunja sheria aliweza kutolewa. Tatu, jina la mtoaji liliandikwa juu ya lango kwa herufi kubwa, na pengine sanamu yake ikawekwa, lakini jina la mkazi halikuandikwa popote.

Juu ya hilo la tatu liko neno chungu ambalo sisi Waafrika hatuwezi kulipita kimya. Katika mji wa London, mtaa wa Shoreditch, ziko nyumba 14 zilizojengwa mwaka 1714 kwa fedha alizoziacha Sir Robert Geffrye, aliyekuwa Meya wa London. Ni majengo mazuri ya matofali, yamezunguka bustani pande tatu, na katikati ni kanisa dogo lenye sanamu yake juu ya mlango. Sehemu ya mali ya mtu huyo ilitoka katika biashara ya watumwa, maana alikuwa na hisa katika kampuni ya Kiingereza iliyowachukua watu wa Afrika ya Magharibi na kuwavusha bahari, na tena alikuwa mshirika katika meli ya kazi hiyo. Kadhalika mjini Bristol, Edward Colston, mmoja wa wakubwa wa kampuni hiyo hiyo, alijenga nyumba za sadaka mwaka 1691. Nyumba za Geffrye ziligeuzwa kuwa makumbusho mwaka 1914. Mwaka 2020 sanamu ya Colston iliyokuwa barabarani iliangushwa na watu na kutupwa majini. Ile ya Geffrye ilijadiliwa sana mwaka huo huo, na wadhamini wakaamua ibaki.

Basi mzee wa Kiingereza aliota moto katika meko yake, na kuni zake zilinunuliwa kwa mtu aliyefungwa minyororo. Sisemi hivyo ili tuyachukie matofali. Matofali hayana dhambi, wala yule mzee hakuulizwa. Nasema ili tujue ya kwamba sadaka ina asili yake, na kwamba jina lililo juu ya mlango laweza kuficha kama liwezavyo kutangaza. Kwa hiyo, nyumba yetu ikisimama, naomba tusiandike juu yake jina la tajiri yeyote, hata akitupa bati zote za paa.

Sasa nataka kuwaonyesha kinyume cha nyumba za sadaka, nacho pia ni cha Waingereza. Katika karne ya 19 maskini waliongezeka, na watawala wakaona gharama ni kubwa. Sheria ya mwaka 1834 iliagiza kwamba maskini wapewe msaada ndani ya majumba makubwa ya kazi. Mfano wake ulikuwa jumba lililojengwa mwaka 1824 huko Southwell, mkoa wa Nottinghamshire, ambalo lingaliko na watu huenda kulitazama. Ramani yake ilichorwa kwa akili nyingi, lakini akili ya namna nyingine. Wanaume walikuwa na upande wao, wanawake upande wao, watoto mahali pengine, na kuta zikatenga nyua zao. Mke na mume waliozeeka pamoja waliagana mlangoni. Walilala katika vyumba vya vitanda vingi. Nia haikufichwa: maisha ya humo yawe magumu, ili asiingie ila aliyeshindwa kabisa. Majumba hayo yalipofutwa rasmi mwaka 1930, wazee wengi walikuwa wangali wakiyaogopa kuliko kaburi.

Tazameni basi. Nchi ni moja, dini ni moja, na matofali ni yale yale. Jengo moja lilimwambia mzee, "Hapa ni kwako." La pili lilimwambia, "Umekuwa mzigo." Wala halikuhitaji kutamka neno, mlango na ukuta vilisema.

Na watu wa huko wamezipenda zile za kwanza hata wakazigombea. Katika Croydon, nyumba ya Askofu Mkuu Whitgift, iliyojengwa kati ya mwaka 1596 na 1599, ilitaka kubomolewa ili barabara ipanuliwe. Shauri likafika mpaka bungeni, na mwaka 1923 Baraza la Malordi likaiokoa. Katika Coventry, nyumba ya William Ford ya mwaka 1509, iliyojengwa kwa mbao kando ya ua mwembamba, ilipigwa na bomu mwaka 1940, na baadhi ya waliokuwamo wakafa. Baada ya vita mafundi waliziokota mbao za kale, wakaisimamisha tena. Leo katika Uingereza watu zaidi ya 30,000 wanakaa katika nyumba za sadaka, za zamani na mpya.

Bwana Mwenyekiti, narudi nyumbani. Wanaoutaka ukumbi wana hoja nzito, wala siidharau. Wanasema: vitanda 20 ni watu 20, vyumba 8 ni watu 8, je, wale 12 waende wapi? Mimi nilisoma shule ya bweni ya misheni, tukalala vijana 40 katika chumba kimoja, na sikufa. Lakini nilikuwa kijana, na nilijua ya kuwa nitatoka. Mzee hatoki. Tukianza na ukumbi, tutasema ni wa muda, na huenda ukadumu miaka 400 kama ule wa Chichester. Basi na tukumbuke hesabu ya Winchester: 13 ndani, 100 langoni. Na tujenge vyumba 8, na katika ua tuweke jiko na baraza, ili wazee wengine wa Chama, hata wale 12, wapate chakula cha mchana kila siku pamoja na wenzao. Na kile chumba cha mbele kinachotazama barabara tukipangishe kiwe duka, kodi yake iwe wakfu wa kutengeneza paa na kuta.

Mzee mmoja alisema katika kamati, "Sisi si Wazungu. Mzee hutunzwa na wanawe." Ni kweli, na heri mwenye wana. Nyumba hii ni ya yule ambaye hana. Tena naomba kuuliza kwa adabu: katika boma la baba zetu, mzee alilala wapi? Je, alilala safu moja na vijana? Katika makabila yetu mengi alikuwa na nyumba yake mwenyewe ndani ya boma, na mlango wake uliutazama ua, akaona nani anaingia na nani anatoka. Watu wa Ewelme hawakutufundisha jambo jipya. Wametukumbusha letu.

Siku ya mazishi tulilipa bila kuchelewa. Naomba, wazee wangu, safari hii tusingoje jeneza. Mkiipitisha ramani ya pili, nitafurahi kuandika katika daftari la mwaka ujao, chini ya matumizi: milango minane, pamoja na kufuli zake, na funguo wamekabidhiwa wenyewe.